Pipa la Moba

Ilembo, Mpanda
12 Machi 1994

Kwa shemeji Siméon,

Kwa masikitiko makubwa, nikiwa nimesimama wima na kofia mkononi, nakutangazia kifo cha suruali yangu ya kaki. Ndiyo, ileile niliyovaa siku ulipokuja kumposa dada yangu Skolastika. Imefariki Jumamosi iliyopita uwanjani kwa fundi Machibya, mbele ya umati, baada ya kuugua moto kwa muda mfupi. Marehemu ameacha mkanda mmoja na karani wa mizigo wa stesheni aliyekimbia nyumbani kajifunga turubai.

Baada ya msiba huo, hamjambo? Watoto wanasoma? Sisi huku wazima, isipokuwa mikono ya Dina. Unamjua mke wangu: miaka yote hiyo alinunua madonge ya dhahabu na zebaki kwa wachimbaji, akayachoma jikoni mlango umefungwa ili majirani wasijue ana mali. Leo chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Daktari amesema ni ule moshi, na akiendelea kuuvuta, hata kwa jirani, mikono haitarudi.

Ndiyo maana nilikuwa kwa Machibya. Tulikuwa tunajaribu chungu cha kwanza cha chuma chenye mfuniko, kile tulichokubaliana kwenye mkutano wa Karema. Kinafanya kazi! Moshi unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji, zebaki inadondoka kwenye chupa kama mtoto mtiifu. Aliyekosea ni mimi, nilikalia jiko.

Basi makubaliano ni yaleyale. Sisi tunatengeneza vyungu vya pande zote mbili za ziwa, madonge yaliyobaki yachomwe humo bila moshi, nyie Moba mnatunza lile pipa la chuma. Zebaki yote, ya huku na ya Zaire, iingie humo, kisha watu wa ule mradi wa kukusanya zebaki waje na meli yao waichukue wakaifungie mbali, isirudi jikoni kwa mtu yeyote.

Kazi ni kuwashawishi kina mama. Kuna binti mmoja wa Kisukuma, Kabula, jirani yetu ukuta kwa ukuta, ameniuliza: "Mzee Evarist, nikitoa zebaki yangu, dhahabu nitaikamata kwa nini, kwa mate?" Nimemwambia wataosha kwa karai tu, watapata kidogo lakini watazeeka. Akauliza nani anatunza pipa. Nikasema, mtu aliyeoa dada yangu.

Msalimie huyo dada.

Shemeji yako,
Evarist

---

Moba
9 Aprili 1994

Shemeji mpendwa,

Pole kwa msiba, ingawa ile suruali ilikufa siku ya posa yangu, nyie ndugu mlichelewa tu kuzika. Wazee wangu walidhani mmeleta mwombaji.

Sisi hatujambo. Skolastika mzima, ananenepa, anadai ni hewa ya ziwa. Dada Dina aendeleaje? Mwambie tunamwombea.

Vyungu ulivyotuma na Salvatori mwenye boti vimefika. Alivikalia njia nzima, akasema hajawahi kukaa kwenye kiti kigumu hivyo. Kina mama wa huku wameanza kuvitumia. Walikataa kwanza, nikawaambia: wenzenu wa Mpanda wameacha moshi, nyie mtabaki nyuma? Aibu ikafanya kazi yake.

Pipa liko sebuleni kwangu, kwenye kona. Dada yako kalitandika kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu. Mgeni akija anadhani ni kabati la Ulaya. Mradi wamesema watakuja mwezi wa sita.

Tafuta suruali.

Shemeji yako,
Siméon

---

Ilembo
20 Julai 1994

Shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na redio bado inaimba juu ya pipa. Sisi hatujambo. Dina anakula vizuri. Jana alishona kifungo cha shati langu, kimekaa karibu na kwapa, lakini kimeshonwa.

Namtuma Salvatori na chupa za Ilembo na Kasokola. Zote zimetoka mikononi mwa kina mama, bure. Kabula ndiye wa mwisho. Chupa yake ameifunga kizibo kwa kipande cha kanga yake nyekundu, akaniwekea mkononi, akakataa kuiachia mpaka niliposema tena jina lako. Nikasema. Akaachia. Mume wake hajazungumza nami mpaka leo.

Ni kweli, Siméon, wanapata kidogo sana kwa karai. Sokoni Kashaulili wananunua mafuta ya kijiko. Lakini jioni zimebadilika. Zamani mtaa huu ulikuwa na harufu ya chuma saa za kupika. Sasa unasikia maharage ya watu.

Mradi walikuja? Hujasema.

Shemeji yako,
Evarist

---

Moba
2 Oktoba 1994

Shemeji mtukufu, karani wa mizigo na mizigo mingine,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua zimeanza.

Unauliza habari za chupa zenu. Chupa zenu tumeshauza. Nyingine zimenyweka baa, nyingine zimepanda juu ya nyumba yangu zikawa mabati, hata mvua hii naisikiliza kwa raha. Pipa sasa dada yako anawekea maharage. Njoo unikamate basi! Ila ukija vaa suruali, huku askari wanamkamata kwanza asiye na suruali.

Mradi hawajaonekana.

Mwizi wako, shemeji,
Siméon

---

Ilembo
30 Oktoba 1994

Shemeji mwizi,

Mungu atakuhukumu, maana umetuua kwa kicheko. Barua yako niliisoma mbele ya kamati yetu nzima ya vyungu. Machibya alitoka nje akajishika kwenye mti. Pale pa mabati Dina alilia machozi. Umetufanya tusahau njaa kwa nusu saa.

Kabula peke yake hakucheka. Aliuliza: "Na kama ni kweli?" Nikamwambia: binti, wewe huijui familia yetu. Huyu shemeji, siku ya harusi yake, alisimama akatangaza kwamba mimi nimekufa, akachangisha rambirambi, mimi nimekaa palepale nakula pilau. Kutaniana ni haki yake. Shemeji asiyetania tunamwita mgonjwa.

Dina anapeleka kikombe mdomoni mwenyewe sasa, kikiwa nusu. Kwangu hiyo ni Krismasi.

Sasa acha mzaha kidogo. Mradi wanakuja lini? Uniandikie.

Shemeji yako,
Evarist

---

Ilembo
3 Machi 1995

Siméon,

Hamjambo? Nauliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Nimengoja jibu lako tangu Oktoba. Wiki iliyopita Salvatori alikuja stesheni na magunia ya dagaa, akaniomba nimtafutie mtu wa kubeba boksi moja zito mpaka Kashaulili. Nikamuuliza, boksi la nini?

"Si zile chupa," akasema.

"Chupa zipi?"

"Mzee, usinichezee. Zile za kwenu. Nilizipeleka, sasa nazirudisha. Nishafanya safari ya tatu."

Nikamwambia anatania. Akashangaa kweli, uso wake naukumbuka. "Lakini unajua," akasema. "Siméon alisema alikuandikia kila kitu, ukamjibu, ukacheka. Alinionyesha barua yako."

Nikafungua boksi. Chupa ya tatu ilikuwa na kizibo cha kanga nyekundu.

Siméon, naomba uniandikie kwamba huyu Salvatori ni mwizi na mwongo. Niandikie upesi. Nitaamini.

Evarist

---

Moba
27 Machi 1995

Shemeji Evarist,

Pokea salamu. Skolastika anaumwa malaria lakini anapata nafuu.

Salvatori si mwongo. Nitakuambia kama mtu mzima. Mradi hawakuja mwezi wa sita. Niliandika ofisini kwao Kalemie, hawakujibu. Huku mshahara wa walimu hatujauona tangu mwaka juzi, na pesa yenyewe ukiipata asubuhi, jioni hainunui kiberiti. Pipa limekaa pale, limejaa, kila mtu anajua limejaa. Wanunuzi wa dhahabu wakaanza kuja. Mmoja, wawili. Ningekataa mpaka lini?

Lakini usiseme nilikuficha. Nilikuandikia. Nilihesabu siku za boti, nikasema akija juu nitarudisha, nitaacha, nitauza mabati. Ukajibu kwamba mmecheka. Nikajiambia, basi, Evarist ameelewa, amenisamehe kwa njia yetu ya utani. Mnunuzi akitaka kuzirudisha Mpanda, hilo si la kwangu.

Kina mama wa huku bado wanatumia vyungu vyenu. Hilo angalau ni jema.

Tusivunje undugu kwa ajili ya chupa.

Shemeji yako,
Siméon

---

Ilembo
16 Aprili 1995

Siméon,

Leo Pasaka. Pole kwa malaria ya dada yangu. Barua hii mpe aisome mwenyewe, usimsomee.

Umeandika nilielewa. Nimekaa na neno hilo siku nyingi, nikaligeuza huku na huku, maana ningependa liwe kweli. Lakini wewe ulijua jinsi ninavyokusoma. Tangu tukiwa shule Karema, ukitaka kitu kisitazamwe unakifanya kichekesho. Hukuniandikia ili nijue. Uliandika ili siku moja useme uliandika.

Sasa nikueleze kilichotokea hasa, bila chumvi, kwa sababu hapa Ilembo watu wataongeza.

Niliita kamati kwa Machibya. Nilikuwa nimepanga kusema boti ilizama. Nilikuwa nimeitunga vizuri, na upepo wake, na Salvatori akiogelea. Dina akaniangalia tulipokuwa tunatoka, akasema, "Baba, ukiwadanganya na wewe, mimi nitabaki na nani?" Basi nikachukua barua yako ya Machi nikaisoma, kuanzia salamu mpaka mwisho.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Nilipofika pale uliposema nilicheka, Kabula akasema, "Hapo hajadanganya." Nikaendelea kusoma.

Machibya ndiye aliyeuliza kama utarudisha. Nikasema sijui. Nikawaambia jambo ninaloliamini mpaka sasa: vyungu bado ni vyetu, moshi ni ule ule, mikono ni ya kwetu, ya Moba yasitufanye turudi jikoni. Niliongea muda mrefu. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mlevi wa ukoo.

Kisha wakaanza kuondoka, na kila aliyepita aliweka chungu chake mlangoni kwa Machibya. Severini, mwenye mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, alisema, "Si hasira, mzee. Wenye zebaki wanakula." Kabula alikuwa amekuja na chake kichwani. Alikishusha taratibu, akakifuta vumbi kwa mkono. Nikamwomba asubiri. Akasema, "Mimi sikumwamini shemeji yako. Nilikuamini wewe."

Kesho yake alikwenda Kashaulili kwa Salvatori akanunua chupa yake mwenyewe. Hakuomba apunguziwe. Naambiwa Salvatori alishindwa kumtazama.

Machibya anakata vyungu kutengeneza mabomba ya kisima.

Niliandika kwa mradi pia, barua tatu. Kama nao wataona ni utani sijui.

Jana jioni tulikuwa tumekaa ndani, Dina ananisimulia habari za kanisani, kashika kikombe kwa mikono yote miwili. Ile harufu ya chuma ikaingia. Ilitoka kwa Kabula, jikoni, mlango umefungwa. Dina akaweka kikombe chini, akaenda kufunga dirisha la upande ule. Alihangaika na komeo, likawa linagonga ubao, linagonga, haliingii. Nilimwacha ajaribu, nikidhani ataweza. Hakuweza. Nikainuka nikamfungia.

Kaka yake Skolastika,
Evarist