Mrija wa Jumamosi

Kwa Mama Selpha, dukani Nyamasaria,
S.L.P. 1473,
Kisumu.
17 Juni 1988

Mpendwa Shangazi Nabwire,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Mguu unaendeleaje? Elsie aliandika kwamba uvimbe umeshuka lakini bado huwezi kuteremka ziwani kununua omena. Usiuharakishe. Na mvua huko Port Victoria? Hapa imenyesha mpaka naenda kazini na viatu mkononi. Mimi ni mzima, ila magoti na kiuno vimechoka kama vya mzee.

Elsie, wewe unayemsomea Shangazi, soma yote. Usiruke mahali ukidhani ataumia.

Barua yenu niliipata Jumatatu. Shangazi, umeniambia ninywe kidogo tu na wenzangu nisipoteze kazi, kwa kuwa hata Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo. Wewe ndiye uliyenilea baba alipokufa, na ndiye uliyenifundisha kusali, kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Lakini jibu ni hapana. Timotheo alikuwa anaumwa tumbo. Ugonjwa wangu mimi ni pombe yenyewe.

Labda sikukueleza vizuri kazi yetu ilivyo. Sisi ni makuli kumi na wawili katika stoo ya mahindi karibu na reli. Gunia la kilo tisini halipandi begani peke yake. Lazima watu wawili washike pembe wakupandishie, ndipo utembee nalo mpaka kwenye behewa. Na wa kukupandishia hawapangwi kazini. Wanapangwa Jumamosi saa tisa nyumbani kwa Lornah muuza pombe, tumezunguka chungu cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu. Nyapara wetu, Dalmas, anavuta kwanza, kisha anataja nani atampandishia nani wiki ijayo. Asiyeshika mrija hatajwi. Mambo hayo niliyakuta.

Unajua nimeapa mara tatu kuacha pombe. Mara ya kwanza mbele ya kanisa, ya pili kaburini kwa baba, ya tatu nimewekewa Biblia kichwani. Hiyo ya tatu nilidumu siku arobaini, nikaanza hata kuwahesabia wengine dhambi zao. Siku ya arobaini na moja mke wangu Agneta, aliyekuwa amekuja kunitembelea, ndiye aliyenitoa mtaroni. Niliapa kwa nguvu zangu, na nguvu zangu sasa nazijua. Zinatosha kubeba gunia. Kuacha mrija hazitoshi.

Kwa hiyo safari hii sikuapa. Kila asubuhi nasema, Bwana, leo tu. Kesho yake naomba tena. Hii ni wiki ya saba, wala sijisifu, maana hata leo haijaisha.

Nilipokuandikia mwezi uliopita, nilikuwa bado nakwenda kwa Lornah nikishika mrija bila kuvuta, ili nitajwe. Huo nao ulikuwa uongo. Jumamosi iliyopita niliukataa mrija mbele ya wote.

Dalmas akauliza, "Nico, unatuona sisi wachafu?"

Nikamwambia, "Hapana, Bwana Dalmas. Mimi ndiye mchafu nikinywa."

Walicheka sana. Dishon, ambaye amenipandishia magunia miaka mitatu, akasema, "Basi, Pasta, Jumatatu Mungu wako aje akupandishie."

Kweli, Jumatatu hakuna aliyenigusia gunia. Nikageuza mgongo kwenye yale ya juu, yaliyopangwa kufika mabegani, nikajivutia mwenyewe. Nilibeba hivyo siku mbili. Jumatano yakawa yameshuka hadi kiunoni. Nikapiga magoti kwenye sementi, nikalivuta gunia mgongoni, nikajaribu kuinuka. Sikuweza.

"Pasta ameanza ibada!" Dishon akapiga kelele.

Dalmas akainama karibu na uso wangu. "Sema tu utakunywa Jumamosi. Tunakuinua sasa hivi."

Nikaomba kwa sauti, wote wakisikia. Shangazi, siwezi kukudanganya, hakuna malaika aliyekuja. Gunia likaniteleza likapasuka, mahindi yakatapakaa. Nikasimama nikamwambia Dalmas, "Sinywi. Mtu mwingine abebe."

Mdomo wangu unaujua. Tangu ujana haujawahi kukataa pombe, hata ya kukopa kwa adui. Lakini siku hiyo ulikataa bila kutetemeka, na mimi nimeshindwa na gunia mbele ya watu. Niliomba nguvu za mgongo, nikapewa za mdomo. Basi nimezipokea hizo.

Dalmas amenipa ufagio. Nafagia mahindi yaliyomwagika pamoja na akina mama, na malipo ni kidogo, kwa hiyo mwezi huu sitawatumia kitu. Agneta nimemwandikia. Dalmas amesema nafasi yangu ya kubeba itaningoja mpaka kesho, kisha atamchukua mtu mwingine kutoka Awasi.

Jana Dishon alinifuata peke yake. "Nico, gusa mrija mara moja tu," akaniambia. "Huyo mgeni wa Awasi sitaki kumpandishia." Hakuwa anacheka. Hapo ndipo nilipokaribia kuanguka, maana Dalmas namwogopa tu, lakini Dishon nampenda. Nikamwambia aende, nami nikaenda upande mwingine haraka.

Kesho ni Jumamosi. Kiu ninayo, sitakuficha. Nakuomba usiniandikie tena habari za kunywa kidogo. Wala usiniombee nirudishiwe gunia. Kuanzia saa tisa mpaka jua litue, niombee nipite mlango wa Lornah bila kugeuka. Dalmas amlete huyo mtu wa Awasi. Mimi nitafagia. Na wakininyang'anya ufagio, nitarudi nyumbani hata kwa miguu, na utaniona nikiingia uani nikitembea wima.

Nisalimie Mzee Shitanda na Mama Dorca. Agneta akipita hapo na watoto, mwambie asihofu. Bwana akutunze, ulale na kuamka naye.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Nicodemus Ouma