Baiskeli Uliyoichagua Mwenyewe

Shikamoo Baba.

Nimeandika hiyo shikamoo kisha nikasubiri, kama vile utaitikia. Ni mazoea. Nipo Nangwa, nimebaki peke yangu kwenye ofisi ya walimu, watoto wameshakwenda nyumbani. Kuna jambo nimelifanya Jumamosi kule kwetu Tlawi, Mbulu, na sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine.

Ni kuhusu ile baiskeli ya mazoezi.

Unakumbuka tulivyoanza. Kiharusi kilikuwa kimekuchukua upande wa kushoto, na yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini akasema mguu usipofanya kazi kila siku utalala moja kwa moja. Lakini utembee wapi? Njia zetu ni kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha hata mbuzi wanateleza. Akasema tukutafutie baiskeli ya kukanyaga ndani ya nyumba. Nikakuonyesha picha kwenye simu. Uliiangalia sana, ukauliza, "Hii inakwenda wapi?" Nikakujibu haiendi popote, Baba. Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wewe, bwana mifugo uliyezunguka Hanang nzima kwa baiskeli na sanduku la chanjo nyuma, leo unatafutiwa baiskeli isiyotoka sebuleni.

Nilitaka niagize tu. Ukakataa. "Mimi si mtoto. Nitachagua mwenyewe." Basi siku ya kliniki Arusha tukapitia dukani, wewe, mimi na Mama. Muuzaji akatutolea mbili. Moja ndefu, kiti chembamba, usukani umeinama, ina kioo kidogo cha kuonyesha mwendo. Nyingine fupi, ina kiti kipana cha kuegemea na pedali ziko mbele. Mimi moyoni nilishaamua ni hiyo fupi, lakini ulipoiona ulisema, "Nikikaa hapo watu watadhani nanyolewa nywele." Mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge. Ukaiendea ile ndefu.

Sitasahau. Ulishika usukani kwa mkono wako mzima, ukajaribu kuvusha mguu. Mguu haukuja. Ukajaribu tena, ukabaki unaning'inia. Muuzaji alinyoosha mkono akusaidie, Mama akamzuia kwa macho. Uliushusha mguu taratibu, ukalivuta koti lako likae vizuri, ukaenda kukaa kwenye ile fupi bila kumwangalia mtu. Nikakufunga mguu kwenye pedali kwa ile kamba yake. Ukasukuma. Pedali ikagoma, ikasogea kidogo, halafu ikazunguka yote. Ukasema, "Imezunguka."

Neno hilo tu. Machozi yalikutoka na hukuyafuta, kwa sababu mkono wa kufutia ndio uliokuwa umeshikilia.

Tukaifunga juu ya basi, ikapanda na sisi mpaka Mbulu kwenye ukungu, majirani wakaja kuiangalia kama vile tumeleta ng'ombe wa kisasa. Kila asubuhi baada ya uji ulikuwa unaikanyaga. Mama akipita na ndoo anakuuliza umefika wapi, nawe unamjibu, "Nimefika Nangwa, lakini mwalimu hayupo, yuko darasani." Alikuwa ananipigia simu kunihadithia hayo. Na Pasaka ile ulitoka getini kwa kanisa mpaka kwenye benchi lako kwa fimbo, ukakataa mkono wangu. Mimi nilitembea nyuma yako. Sikuimba hata wimbo mmoja siku ile, nilikuwa nakuangalia wewe tu.

Halafu ukaondoka. Si kwenye baiskeli. Ulikuwa umekaa juani unapukuchua mahindi, Mama akaingia ndani kuchukua ungo, akatoka, akakukuta umeinama. Alidhani umesinzia.

Msibani Baba mdogo alisema maneno. Alisema mbele ya watu, mimi nikiwa nimeshika sufuria la chai: "Mzee mgonjwa mnampandisha mashine, mlitegemea nini?" Mama alisikia. Tulipomaliza kuzika aliisukuma ile baiskeli mpaka ghalani, akaifunika magunia, na tangu hapo hakuitaja.

Mimi nilikuwa nayo yale maneno kila mahali, Baba. Naandika ubaoni, yapo. Naosha vyombo, yapo. Sisi ndio tuliokupeleka dukani. Mwishowe nikamfuata yule dada wa mazoezi kule hospitalini, nikamuuliza waziwazi kama tulikuua. Akaniambia, "Mwalimu, kiharusi cha pili hakikutoka kwenye pedali. Baba yako alikuwa ameanza kutembea." Nikalia palepale mbele ya wagonjwa wake.

Lakini Mama sikuweza kumwambia, kwa sababu ukilitaja jambo hilo anainuka na kwenda jikoni. Na Mama amebadilika. Kwaya ameacha. Shambani haendi, ananiambia vitunguu saumu vitajiotea. Anakaa ndani siku nzima na shuka lako mabegani. Walipompima wakakuta presha imepanda na sukari pia, wakamwambia asipotembea atafuata njia yako. Nikaanza tena kutafuta kwenye simu. Nikapata baiskeli ndogo, nyepesi, inayomfaa mtu mfupi kama yeye. Nikamwonyesha. Hakuishika hata simu. "Nyumba hii haitaingia baiskeli nyingine."

Nikaelewa kwamba amekataa. Nikaacha.

Jumamosi nimefika, nikamkuta uani. Ameitoa baiskeli yako ghalani mwenyewe, ameiosha kwa sabuni, inakauka juani. Amevaa ile suruali yako ya kahawia chini ya kitenge, na mabuti ya mvua. Hakunisalimu kwanza. Aliniambia, "Miguu yangu haifiki."

Kiti kilikuwa bado pale ulipokiacha, kwa urefu wa mguu wako. Hakuna aliyekigusa. Mama akashika nyuma, mimi nikapiga magoti nichomoe pini. Ilikuwa imeshika kutu. Nikaivuta kwa mikono miwili, ikatoka ghafla, kiti kikateleza mbele, na pale pako pakapotea. Sikuwa nimeweka alama, Baba. Sikuwaza. Nilibaki na pini mkononi, Mama akasema, "Usikae unaangalia. Funga."

Nikafunga.

Akapanda. Anakanyaga pole pole, anahema, kitenge kinapepea. Ndipo Baba mdogo akatokea kwenye njia ya kisimani, akasimama nje ya uzio. Mimi nikageuza uso. Mama hakusimama. "Shemeji, karibu. Nisubiri nimalize, nitakupa chai."

Akaingia, akavua kofia, akakaa kwenye kigogo. Alimtazama Mama anavyokanyaga, akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka alikuwa anaiweza hii?"

"Kila siku," Mama akamjibu.

Akaficha uso kwenye kofia yake akalia. Hata kaburini hakulia vile. Mimi niliyekuwa nimemwekea hasira tangu msibani nilikwenda nikamletea maji ya kunawa uso, nikamwamkia.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Kiti chako tumekisogeza. Usione tumekutoa. Mama bado analala upande wake tu wa kitanda, na mimi bado siwezi kupita getini kwa kanisa bila kupunguza mwendo.

Nakuahidi nitakuwa napanda Tlawi kila nitakapoweza, nimsimamie mpaka azoee. Na wiki hii nitapima presha yangu mwenyewe, maana nimekuwa nakwepa, na wewe hukukwepa.

Jua limeshuka nyuma ya mlima, mlinzi anataka kufunga ofisi. Niruhusu niondoke, Baba. Ulale vizuri.

Mwanao,
Paskalina