Kaburi Tuliloliacha Wazi

Mpendwa Senje,

Nimekupigia simu mara nyingi mpaka Mama Zuhura amenizoea. Anaipokea yeye huko Matungu, tunasalimiana, kisha ananiambia kwamba upo, umekula, unamsaidia kuanika mahindi, na huna neno la kusema kwa simu. Basi naandika. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Naiweka mtandaoni, mahali ambapo kila aliyeitazama filamu yetu ataisoma, na watu wa ukoo wetu kule Buyangu wataisoma pia. Wewe uliaibishwa mbele ya watu, nami sitakuomba radhi pembeni.

Wasiokujua wajue kwamba wewe ni Rasoa, dada ya baba yangu. Kwenye vitabu ungeitwa shangazi, lakini kwetu ni Senje. Mimi naandika na kuongoza filamu za kutisha, na aliyenifundisha kutisha watu ni wewe, ingawa sifa hiyo hukuipenda hata siku moja.

Nakumbuka jikoni kwako. Tumebanana kwenye mkeka, mimi na binamu zangu, na zimwi la hadithi limeshafika mlangoni. Hapo ndipo ulipokuwa ukinyamaza. Unainuka bila haraka, unageuza obusuma, ugali wetu, unaonja mboga, unafunika, na sisi macho yote mlangoni. Ilikuwa lazima mmoja wetu alie. "Nani amekugusa?" unamwuliza. "Mimi napikanga tu." Miaka ilipopita nikaanza kuandika miswada, nikagundua kwamba mapepo yenyewe hayatishi sana. Kinachomkaba mtu ni kule kungoja. Mpaka leo nikitaka kimya kirefu naandika pembeni mwa ukurasa, "Senje anapika", na mpiga picha wangu anajua kwamba hapo hatusogezi kamera wala hatuweki muziki.

Lakini kazi yenyewe nilianzia mazishini. Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Shieywe, mjini Kakamega, na kamera moja, na kila Jumamosi narekodi msiba wa mtu: jeneza, hotuba, waombolezaji, sufuria. Siku nyingine naandika. Ndugu zetu walikuwa wakiniuliza nitapata kazi lini. Wewe uliniuliza tu kama nimekula. Na nilipopata vijana watano wa kunisaidia kutengeneza filamu ya kwanza ndefu, uliniambia tuje kwako, kwenye kile kipande cha shamba alichokuachia babu uliporudi kutoka kwenye ndoa.

Tulihitaji kaburi. Vijana wangu walilichimba nyuma ya jiko lako, karibu na migomba. Mwigizaji tuliyemleta kutoka Amalemba kucheza maiti inayofufuka alipoliona lile shimo, ghafla akakumbuka ana mtihani chuoni. Nilikaribia kulia. Wewe ulikuwa unatupikia chai, ukasikia, ukaja ukijifuta mikono kwa leso.

"Leteni hiyo shuka," ukasema. "Mimi nimezika mama, nimezika baba. Shimo haiwezi nishtua."

Tulitandaza maturubai meusi juu ya miti ili mchana uonekane usiku, ukashuka shimoni, ukalala. Ulipofumbua macho, kijana aliyeshika taa alirudi nyuma hatua mbili. Nilijua hapo hapo kwamba nimepata filamu. Kisha saa tisa ikafika, na saa tisa ya Kakamega unaijua. Mvua ikaangusha maturubai na shimo likaanza kujaa maji. Ulitoka umejaa tope, unacheka. Ulipoona tunakusanya vyombo tuondoke, ukaacha kucheka.

"Imali, kaburi haikaangi bila mtu. Kata mgomba, zika, alafu ndio mwende."

Kwetu kaburi likishachimbwa halilali tupu. Kama maiti haipo, tunazika shina la mgomba badala yake, tunafukia, ndipo watu wanapumua. Mtu asinitetee kwamba mimi ni mtoto wa mjini, sikujua. Nilijua. Niliwahi kurekodi msiba kwenye boma ambamo kaburi lilichimbwa, kisha familia ikakubaliana marehemu azikwe kwingine, na niliwaona wanaume wanne wakiubeba mgomba polepole, kofia mkononi. Niliwapiga picha kwa ukaribu kabisa.

"Kesho, Senje," nikakujibu. "Tukifukia leo, kesho tutachimba tena?"

Ulikwenda jikoni, ukarudi na panga, ukaniwekea mkononi. Mimi nikalitumia kukata fito za kushikilia maturubai. Kesho yake mvua ikanyesha tena saa tisa, na kesho kutwa pia. Kila jioni ulisimama pale ukingoni ukinitazama, na kila jioni nilikuwa na sababu. Shimo lililala wazi siku tatu.

Siku ya nne jirani yako, Mzee Andayi, akafariki. Alikuwa na kisukari miaka mingi, mguu mmoja umeshakatwa, na hospitali walikuwa wameshamrudisha nyumbani. Tulifukia lile shimo asubuhi hiyo hiyo, mgomba ndani. Lakini watu waliokuwa wakielekea msibani walipita kando ya ua wako, na kila aliyepita aligeuza shingo.

Baada ya mazishi wazee wakakuita. Nilikaa nyuma na akina mama, kwenye kiti cha plastiki. Nilisikia wakisema kwamba umelifungulia kifo mlango. Nilisikia wakiuliza ni kwa nini ulirudi kutoka kwenye ndoa bila mtoto, kana kwamba hilo nalo lilichimbwa wiki ile. Mzee Lutomia, mwenyekiti wa ukoo, akataka ulete kondoo na uombe msamaha.

"Siombi msamaha ya shimo sikuchimba," ukasema. "Na nilisema izikwe mgomba."

"Ulimwambia nani? Nani alikataa?"

Ulinitazama, Senje. Mara moja tu. Halafu ukatazama chini, ukasema, "Hiyo mtaniuliza mpaka mchoke."

Simu yangu ilikuwa mapajani. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepata ujumbe kwamba filamu imekubaliwa kuonyeshwa Nairobi tukishaimaliza. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, habari itasambaa na wataifuta. Nilijiambia nitasema wakishatulia. Nilinyamaza, na kimya kile nakumbuka urefu wake kuliko chochote nilichowahi kukirekodi.

Baadaye watu waliacha kununua mboga zako. Kisha mawe yakaanza juu ya bati. Ilibidi Mama Zuhura, rafiki yako wa soko la Mumias, Mwislamu asiye na undugu nawe wowote, aje akuchukue, na sisi wa damu yako tukitazama. Nairobi walipiga makofi ulipofumbua macho kwenye skrini. Mtu mmoja akauliza, "Huyu mama ni nani? Mbona hakuja?" Nikamjibu kwamba ni shangazi yangu, hapendi safari. Watu wakacheka kwa upole. Nimekuwa mwongozaji anayejulikana kwa sababu ya uso wako, na kwa miaka miwili hii nimeshindwa kuutazama. Ikifika sehemu hiyo natoka nje ya ukumbi.

Jumanne nilikwenda kwa Mzee Lutomia. Ukoo unataka filamu ionyeshwe kule nyumbani Jumamosi hii, wameshaandaa na viti vya wageni. Nilimwambia kabla sijakaa vizuri kwamba aliyekataa kuzika mgomba ni mimi. Alikoroga chai yake, akanisogezea sukari.

"Hiyo tulijuanga," akasema.

"Mlijua?"

"Kamera ilikuwa ya nani? Hao vijana walikuwa wa nani? Lakini wewe ulikuwa unatuletea jina. Hiyo kifo lazima ingebebwa na mtu, na Rasoa hana bwana, hana kijana wa kumsimamia."

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Nimeandika maiti zinazotembea na nyumba zinazowala wenyewe. Senje, sijawahi kuandika maneno ya kutisha kama yale, na niliambiwa hayo mchana, nje jua linawaka, na mke wake ananiuliza kama nitaongezewa chai.

Kisha akanipa masharti. Urudi kabla ya Jumamosi. Watachinja kondoo, watatangaza kwamba umesamehewa, halafu tuketi sote tuitazame filamu yako. "Lakini hayo maneno yako," akasema, "usiyaleteange mbele ya watu."

Sitakuficha, nilitamani. Nilikaa chumbani kwangu na simu mkononi nikikuwaza unalala kitandani kwako, unapalilia migomba yako. Ni mpango mzuri kwa kila mtu isipokuwa wewe. Ungerudi ukiwa mkosaji aliyesamehewa, na siku jirani mwingine akifa kwa ugonjwa wake, tunajua watageuza shingo kuelekea wapi. Safari hiyo huenda yasiwe mawe. Naogopa, Senje. Kuogopesha watu ni kazi yangu, na kumbe nilikuwa sijajua kuogopa kwenyewe ni nini.

Jana nilimpigia Mzee Lutomia nikamwambia filamu haiji. Akaniambia basi na mimi nisikanyage huko. Nikamwambia nitakanyaga siku utakayotaka wewe kwenda, na nitatangulia mbele.

Jumamosi nitakuwa Matungu tangu asubuhi. Usipotaka kuniona, mwambie Mama Zuhura aniambie hapo hapo langoni, nami nitaondoka bila kelele. Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe. Uliulizwa jina mbele ya ukoo mzima, ukalibana mdomoni, ukaondoka nalo ukiwa na mfuko mmoja wa nguo. Umelibeba miaka miwili kwenye nyumba ya watu. Nakuja kulichukua.

Basi ndugu zangu mnaosoma, na wewe Mzee Lutomia: aliyeliacha lile kaburi wazi ni mimi. Senje alikataza siku zote tatu.

Ubaki na mulembe, ubaki na amani, mpaka nitakapofika.

Mtoto wa kaka yako,
Imali