Lumbesa ya Mama Yangu

Jumapili, mwezi wa Sita. Njombe imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na bati linadondosha maji utafikiri mvua imenyesha. Kanisani sikwenda. Nimemwambia mke wangu kichwa kinaniuma, naye hakubisha, kachukua watoto wakaondoka. Kichwa hakiumi. Sikutaka tu kusalimiana na watu.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Wachache mnaopita kila wiki habari za mkopo mnazo. Kwa aliyefika leo, niseme kwa kifupi: mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa mjini. Nimejenga Mjimwema kwa mkopo wa benki, na nyumba yenyewe ndiyo rehani. Nilijenga kubwa kuliko mshahara wangu kwa sababu wenzangu walikuwa wanajenga, na sikutaka kupitwa na watu niliowazidi darasani. Ujinga wa namna hiyo hauna dawa ila kuulipia.

Ukichelewesha sana marejesho, benki haikutukani wala haikupigi. Wanakuja na kopo la rangi nyekundu na brashi, wanaandika ukutani kwamba nyumba inauzwa. Jirani yetu wa mtaa wa nyuma aliandikiwa. Mkewe akawa anaanika blanketi juu ya yale maandishi kila siku, hata mvua ikinyesha. Mtaa mzima tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikarudi nyumbani nikautazama ukuta wangu wa mbele, mpana, mweupe, usio na dirisha katikati. Ungeandikika vizuri sana.

Ndiyo maana Jumamosi nashona magunia.

Tajiri wangu ni mama mmoja wa Makambako, tunamwita Mama Lulu. Ananunua viazi vijijini na kuvipeleka Dar es Salaam. Nilianza kwake kama mwandishi tu, wa kuhesabu mzigo unaopanda kwenye gari. Siku moja mshonaji hakutokea, nikashika shazia, ile sindano ndefu ya magunia, ikagundulika kwamba nina mkono wa kazi. Sasa nashona lumbesa. Kwa asiyetoka huku: gunia likijaa mpaka mdomoni, hatulifungi. Tunalishonea wavu juu na kuendelea kujaza mpaka linaota kichwa, na kichwa nacho kinavalishwa kilemba. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Serikali imekataza, kila mtu anajua imekataza, na magari yanaondoka yamejaa. Mshonaji mzuri ni yule anayemla mkulima debe mbili bila gunia kupasuka njiani. Mimi ni mshonaji mzuri. Nalipwa kwa gunia, na kichwa kikiwa kirefu naongezewa.

Sijawahi kuona aibu. Wakulima wananitazama nikishona, nami nawatazama, na ninachofikiria ni ule ukuta.

Sasa kijijini kwetu, Kichiwa, mwaka huu watu waliamka. Waliketi kabla ya mavuno wakapatana: hakuna kuuza lumbesa. Gunia ni mdomo. Likifika mdomoni linafungwa, na tajiri asiyetaka aondoke na gari lake tupu. Atakayevunja mapatano, hakuna mtu atakayekwenda kumlimia. Huku kwetu hiyo si adhabu ndogo. Tunalimiana kwa zamu, leo wote shambani kwako, kesho wote kwangu, na mwenye shamba anatoa chakula na pombe. Kijana akitengwa atalima nusu ya shamba lake kwa taabu. Mjane wa umri wa mama yangu akitengwa, shamba linageuka pori.

Matajiri walizunguka Kichiwa wakatoka mikono mitupu. Alhamisi Mama Lulu akanipigia nikiwa ofisini.

"Festo, wewe si mtu wa Kichiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Una nani kule?"

"Mama yangu yupo."

"Analima?"

Nikasema analima. Kisha akanieleza kwamba akilegea mmoja wengine watafuata, na kwamba kwa mzigo huo angenipa marejesho ya mwezi mzima. Alilitumia neno hilohilo, marejesho. Mwanamke huyo anajua pa kumshika mtu.

Ijumaa akapiga afisa wa benki. Ana adabu sana yule kijana. Aliuliza hali ya familia, akauliza baridi inatutendaje, halafu akauliza kama ukuta wa mbele wa nyumba yangu unatazama barabara.

Basi jana tukaenda.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge. "Kamwene," akamsalimia tajiri kwa Kibena, na tajiri akaitikia huku macho yakiwa kwenye rundo la viazi lililofunikwa majani pale uani. Mimi nilikuwa nimemwambia mama kwamba kwa Mama Lulu mimi ni afisa. Alikuwa ameshawaambia majirani. Aliponiona nashuka na shazia mkononi na fulana iliyopauka kwa vumbi, aliitazama ile sindano, kisha fulana. Alitutolea viti, akaleta viazi vya kuchemsha na chai, akaniita kando, mlangoni mwa jiko.

"Unadaiwa?"

"Nadaiwa, mama. Ile nyumba."

"Ile ambayo sijawahi kulala?"

Nikasema ndiyo, hiyohiyo. Tangu tuhamie, mke wangu amekuwa akisema tumalize kwanza chumba cha wageni, na mimi nimekuwa nikiona ni wazo zuri. Chumba kiliisha zamani. Kina kitanda, kina pazia, na kina mlango tunaoufunga kwa ufunguo.

Mama alitazama nje, upande wa gari. "Mama Lulu huyo anataka lumbesa."

"Ndiyo."

"Na mapatano yetu unayajua?"

"Nayajua."

"Waambie wajaze."

Niandike jambo moja hapa, maana kesho nitaanza kujidanganya. Nilijua atakubali. Mkulima mwingine ningembembeleza, ningempa maneno ya soko baya na barabara mbovu. Kwa mama nilikwenda nimenyamaza, kwa sababu nilijua sitahitaji neno hata moja. Ndicho Mama Lulu alichokuwa ananunua, na ndicho nilichomuuzia.

Wapakiaji walijaza, mimi nikashona. Mama aliketi kwenye gogo akitazama. Mara balozi wa nyumba kumi wa pale kijijini akapita njiani na jembe begani, akasimama.

"Kamwene, Mama Festo."

"Kamwene, baba."

Aliyaangalia magunia, vile vichwa vyake vimesimama. "Naona una wageni."

"Ni mtoto wangu."

"Naona," akasema.

Hakugomba. Aliondoka taratibu, akaingia ua wa jirani, akatoka, akaingia wa pili. Hakuna redio inayofika haraka namna ile. Baada ya muda watoto waliokuwa wamekuja kushangaa gari waliitwa na mama zao, mmoja mmoja, kwa majina.

Mama alikuwa amelipigia hesabu rundo lake kwa magunia ya mdomo, kama walivyopatana. Kwa vichwa vyangu hesabu ile ilipungua vibaya. Aliliona hilo kabla yangu; nilimwona akichezesha midomo kimya kimya. Gunia la mwisho likafika mdomoni na rundo likawa limekwisha. Mtu muungwana angefunga hapo.

Mama Lulu alichungulia kutoka kwenye gari. "Festo, hilo halina kichwa. Mimi silipi gunia lenye kipara."

Wapakiaji wakacheka. Nikacheka nao.

Mama akainuka. Aliingia jikoni akakaa kidogo, akatoka na tenga kichwani. Vilikuwa viazi vya mbegu. Alivichagua mwenyewe siku ya kuvuna, vyote vya ukubwa wa yai, visivyo na jeraha, kama alivyofanya kila mwaka tangu nina akili zangu. Baba alipokufa, msimu ule hatukuwa na kitu cha kuuza, lakini mbegu hakuigusa. Tulilala na njaa, mbegu iko palepale.

"Mama, hiyo mbegu."

"Tia. Vidogo vinaziba mianya vizuri."

"Sasa utapanda nini?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Nitapanda wapi, Festo? Nani atakuja kunilimia?"

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi.

Nikatia. Nikashona.

Kilikuwa kichwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Ile mbegu ndogo ilijipanga, ikakaza, kilemba kikasimama wima bila kuegemea upande. Mama Lulu alishuka akakipigapiga kwa kiganja, akawaambia wapakiaji waje watazame kazi ya mtu aliyesoma. Na mimi nilifurahi. Natafuta namna ya kuliandika hilo likaonekana dogo, sipati. Nilisimama uani kwa mama yangu, tenga lake tupu liko miguuni pangu, nikafurahia kusifiwa.

Tajiri alikuwa anawajua watu. Kabla jua halijazama, nyumba tatu zilituita. Walisema kama Mama Festo ameuza, wao wabaki na viazi vyao wavifanyie nini? Nikawashonea na wao. Nilijaribu kujifariji kwamba sasa mama hatatengwa, maana wavunjaji wamekuwa wengi. Nilimwambia hivyo wakati naaga. Alinijibu kwamba nimeishi mjini muda mrefu. Wengi hawatengwi, akasema. Anatengwa wa kwanza.

Alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti niwapelekee watoto.

Pesa ya Mama Lulu iliingia kwenye simu tukiwa bado njiani. Niliituma yote benki palepale, kabla haijazoea mfuko wangu. Asubuhi ya leo nimepata jibu: imepokelewa, imekatwa adhabu ya kuchelewa, imekatwa riba, na deni lenyewe liko kama lilivyokuwa. Nimelipa mwezi mmoja wa kutopakwa rangi. Shamba la mama yangu limelipia ukuta mweupe.

Mke wangu aliporudi kanisani nikamwambia marejesho ya mwezi huu yamepatikana. "Bwana asifiwe," akasema, akaenda kubandika sufuria. Hakuuliza yametoka wapi. Mahindi watoto wameshakula. Nikamwambia nafikiria kumleta mama akae kwetu, kile chumba si kipo. Akasema mapazia yale ni ya rangi ya kuonyesha uchafu upesi, na moshi wa nguo za kijijini ninaujua. Nilipaswa kumfokea. Nilichofanya ni kupumua, kwa sababu alikuwa amenisaidia kusema nilichokuwa nataka kisemwe.

Mchana nikampigia mama. Akaitika upesi, sauti safi. Ameamka salama. Kifua hakimsumbui. Kanisani amekwenda.

"Watu walikuwa wengi?" nikauliza, kwa sababu sikupata lingine la kuuliza.

"Wengi. Ila benchi letu leo lilikuwa na nafasi, nimekaa vizuri."

Nikasema sawa, mama. Akasema sawa. Akaniuliza kama benki wamepokea, nikasema wamepokea, akasema basi Mungu ni mwema, na akaniomba nisikae nje jioni maana baridi ya mwaka huu ni kali. Mimi ndiye niliyekata simu.

Nimekaa hapa mezani nikijiuliza ni mtu wa namna gani. Swali hilo watu huliuliza ili wapate jibu la kuwapoza. Mimi jibu ninalo tangu jana, na halijaninyima usingizi. Nililala fofofo. Vidole tu ndivyo vinavyouma, pale kamba inapopita.

Nilipofika hapa katika kuandika, ukaingia ujumbe wa Mama Lulu. Ameandika kwamba Jumamosi ijayo anataka kujaribu Mawengi, kule nako wamekaza, na anauliza kama nina ndugu.

Ninaye. Shangazi yangu, dada yake baba. Nilisoma sekondari nikikaa kwake, na alikuwa akinipa kitanda akalala chini. Shamba lake ni kubwa kuliko la mama, na yeye pia ni mjane.

Nimemjibu Mama Lulu kwamba yupo, kabla chai yangu haijapoa.