Ule Mfuko wa Darini

Baba Pacha,

Ukirudi usiwashe taa ya sebuleni, nyaya zimeungua. Pacha wapo kwa jirani mshona viatu, hawajala. Mimi niko hospitali na mama yako. ~~Hajambo.~~ Mikono yote miwili imeungua. Lete shuka safi.

Alfajiri simu uliyoiacha ikichaji kwenye kochi ilishika moto. Mama yako ndiye aliyenusa moshi, akalivuta pazia linalowaka kwa mikono mitupu, maana wanao walikuwa wamelala chini yake.

Kengele ya moshi kimya. Natazama juu, naona ule mfuko wa nailoni ulioifunikia ulipopaka dari rangi, umekazwa kwa selotepu. Kweli wewe fundi, hata tone halikuidondokea! Nilikukumbusha uutoe, ukaniambia haraka haraka haina baraka. Haya, baraka yenyewe ndiyo hii.

Moto ulipozimika nilipanda kiti nikauchana ule mfuko. Moshi ulikuwa bado umejaa. Kengele ikalia papo hapo, pacha wakaziba masikio. Nzima kabisa.

Mama yako anauliza kwa nini haikulia mapema. Njoo umjibu wewe.

Mama Pacha