Mpelelezi wa Kumtafuta Deo

Lubumbashi

Kaka Leonard,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umepoa. Mama ameamkaje? Siku hizi anaweza kukaa, au bado analishwa amelala? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima. Bado napika kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Ugali wa huku wanauita bukari, na wateja wananicheka eti Kiswahili changu ni cha redioni. Barua hii anakuletea dereva anayepita Kahama, maana simu zangu hupokei na WhatsApp umenizuia. Mimi, mdogo wako wa tumbo moja!

Sasa nisikilize. Uliposema utamtafutia Deo mpelelezi, nilikushukuru mpaka machozi. Mdogo wetu wa mwisho amepotelea machimboni, mama anakwisha kitandani, kila pikipiki ikisimama nje anauliza kama ni Deo. Nikasema, huyu ndiye kaka mkubwa. Kumbe!

Yule bwana wako wa suti na miwani myeusi alikwenda machimboni Segese na gari la vioo vya giza, akashuka anauliza, "Namtafuta Deogratias, mzaliwa wa Ushirombo." Jamani! Nani anatumia jina la ubatizo kwenye maduara? Wanaoshuka mle mashimoni wanaitana kwa majina waliyopeana wenyewe, na mtu wa suti akija anauliza jina la kwenye cheti, wanajua ni askari. Walitawanyika wote. Bwana yule akarudi akakwambia Deo hayupo ukanda mzima wa dhahabu, nawe ukaenda kumwambia mama hivyo hivyo. Siku niliyosikia, kwa hasira niliunguza sufuria nzima ya maharage.

Nikaamua kutafuta wangu. Wa kwanza kumpigia aliniapia atampata ndani ya wiki, hata jina hajaniuliza. Nikakata simu. Mwingine alitaka picha tu. Ndipo nikampata Mama Neema wa Nyahanga, pale Kahama, askari mstaafu, mama wa sauti kavu. Akaniuliza, "Huyo kijana alimkimbia nani?"

"Hakumkimbia mtu. Alikwenda kutafuta maisha."

"Nani kakwambia?"

"Kaka yetu."

"Haya. Nitaanzia kwa kaka."

Usijisumbue kukumbuka, hakuja kwako. Alikaa sokoni Ushirombo ananunua dagaa na kupiga soga, na jioni alikuwa ameshajua ambalo mimi peke yangu nilikuwa silijui, maana hata mama aliona haya kuniambia. Mtamba wa mama alipopotea, wewe ulisimama kwenye mkutano wa sungusungu ukasema Deo kamwiba kamuuza. Wakamtenga. Hakuna kumpa maji wala moto, na akiwasalimia "mwangaluka" watu wanatazama pembeni.

Halafu Mama Neema akafika kwa jirani wa ng'ambo ya korongo. Mtamba yuko pale, Leonard! Alijichanganya na ng'ombe wake malishoni. Jirani kasema alikuja kukueleza, ukamwambia abaki naye, yasifufuliwe tena. Uliona aibu kurudi mkutanoni kusema ulikosea. Aibu yako ndiyo imemfukuza mtoto wa mama, na mama anakufa akiamini amezaa mwizi, na bado anamuulizia!

Nilikuwa nalalamika kwamba ulichagua mpelelezi vibaya. Wapi! Ulichagua vizuri sana, ulitafuta ambaye hatakuuliza kitu. Nakwambia nina hasira nawe, na huyu dereva ananihimiza nimalize.

Deo yuko Segese, Mama Neema kamkuta huko huko. Wanamwita Bubu, kwa sababu alipofika hakumsalimia mtu, alishazoea kutojibiwa. Amekonda lakini yu hai. Aliposikia habari za mama alilia kama mtoto, akataka kuja siku ile ile, kisha akakaa chini. Amesema hawezi kupita tena kijijini watu wakimgeuzia kisogo. Anataka kaka aseme ukweli pale pale alipomsingizia.

Msalimie wifi, hana kosa. Msalimie baba mdogo wa kwaya na shangazi anayemgeuza mama kitandani, Mungu ambariki. Mama mwambie nampenda. Habari za Deo usimwambie kwanza, usije ukampa tumaini kisha ukamnyang'anya.

Jumamosi sungusungu wanakutana. Simama useme ulimsingizia. Mama Neema nimempa kazi ya pili, kuja kukusikiliza. Atakuwa katikati ya watu na sura yake huijui. Deo atangoja njia panda na pikipiki. Mama Neema akimpigia kwamba umesema, ataingia ndani kwa mama. Ukinyamaza atageuza arudi shimoni, nami nitapiga simu ya wifi, awekewe mama sikioni, nimweleze mtamba wake analala zizi la nani na nani alimwacha huko.

Mdogo wako,
Paskazia