Tai za Baba Kwenye Mibangi

Kaka Gualberto, mjuaji wa Paysandú,

Hapa Montevideo sote wazima, na mimi nazidi kupendeza. Ulisema mibangi ya dawa ya magoti ya Mama itanifia kabatini. Njoo uone! Vilele vilifika kwenye taa vikaanza kuungua. Nikavikata, kisha nikayalaza matawi ubavuni taratibu, kama mtu anayekunja waya. Moja lilipasuka, nikalifunga plasta, likapona na nundu. Sasa mimea ni mifupi kama meza, na kila chipukizi linapata mwanga. Nani fundi?

Tabu ilikuwa kamba ya kuyafungia matawi yasiinuke tena, nailoni ilichubua mashina. Mama alikuwa mlangoni akifyonza chai yake ya yerba kwa mrija.

"We kichwa maji, utayanyonga hayo matawi!"

Akaenda kufungua sanduku ambalo hajaligusa tangu tumzike Baba, akarudi na tai zake zote.

"Fungia hizi, ni laini."

Ile ya bluu aliifunga mwenyewe, kwa fundo alilokuwa akimfungia Baba kila Jumapili. Halafu akacheka, Kaka. Akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ni mimi, fundi usiyemfikia,
Líber